Jirani Aliyepewa Haja Zake

Mtazamaji wa filamu ya Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa mwaka 2010 na Isaac Nabwana huko Wakaliga, jirani na Nateete mjini Kampala, atakumbuka kwamba amchekeshaye zaidi haonekani kabisa: ni VJ Emmie, ambaye sauti yake hupita juu ya picha ikishangilia na kudhihaki. Sauti hiyo isiyo na mwili yatufahamisha kazi ya waandishi wa vichekesho vya katuni za televisheni, kwani katika fani hiyo aghalabu sauti hunaswa kwanza, michoro ikafuata, na mhusika msaidizi aliyekusudiwa kupita tu huweza kupata uhai kwa namna mwigizaji atamkavyo maneno machache aliyopewa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Ned Flanders wa katuni ya The Simpsons, ambaye mwaka 1989 aliwekwa pale ili Homer, mhusika mkuu, awe na jirani wa kumhusudu. Lakini upole aliotia mwigizaji Harry Shearer katika sauti yake uliwadhihirishia waandishi mtu mwema, mcha Mungu, nao wakamwongezea haja zake mwenyewe: mwaka 1991 wakamfungulia duka la vifaa vya watu wa mkono wa kushoto, lililokaribia kumfilisi, na mwaka 1996, baada ya tufani kubomoa nyumba yake, wakafichua ghadhabu aliyoizuia tangu utotoni. Mwigizaji wa Maude, mkewe Flanders, alipoondoka kwa mzozo wa malipo, waandishi waliigeuza dharura ile kuwa msiba, na mwaka 2000 Flanders akawa mgane.

Kwangu mimi ile ghadhabu ndiyo iliyomfanya mtu, maana wema usioficha kitu huchosha upesi. Lakini sifa moja ikikuzwa msimu baada ya msimu humeza nyingine zote. Flanders mwenyewe alibakizwa dini tupu, hata wachambuzi wa Kiingereza wakaliita dhara hilo kwa jina lake.

Kampala nayo ina hazina yake. Raymond Malinga na wenzake wamekwisha kumtia Kalabanda, zimwi la hadithi za mabwenini, katika katuni yao A Kalabanda Ate My Homework. Natamani atokee mwandishi wa kumchukua muuza rolex, ile chapati ya mayai, wa stegi ya Nateete, ambaye kazi yake ya kwanza ni kumchelewesha mhusika mkuu kupanda kamunye, yaani basi dogo la abiria, akampa haja isiyomhusu mwingine, tuseme kulikomboa shamba la baba yake kule Masaka. Hapo kila kitunguu anachompunja mteja kitakuwa na sababu, na visa vya msimu mzima vitapatikana bila kumlisha maneno yasiyo yake.