Anga ya Tabora na fumbo la pepo za juu

MKAZI wa Tabora anayeinua macho baada ya jua kutua hawezi kuyaona mawingu yang'aayo usiku, ambayo wanasayansi huyatumia kuchunguza angahewa ya juu. Hata hivyo, anga ya Afrika Mashariki imetoa mchango wake mkubwa katika elimu hiyo.

Mawingu hayo ni chembe za barafu zinazoelea takriban kilomita 82 juu ya ardhi. Kutokana na kimo hicho, huendelea kumulikwa na jua wakati giza limekwisha kutanda chini.

Huonekana zaidi kati ya latitudo 50 na 65, wakati wa majira ya joto. Ajabu ni kwamba majira hayo ndiyo yenye baridi kali zaidi huko juu, kwani hewa ya maeneo ya ncha za dunia hupanda, hutanuka na kupoteza joto. Karibu na ikweta, ilipo Tabora, baridi haifikii kiwango hicho.

Mawingu hayo yalianza kuripotiwa Ulaya mwaka 1885, wakati watu wengi walikuwa wakitazama machweo mekundu yaliyofuatia mlipuko wa volkano ya Krakatoa, Indonesia, Agosti 1883.

Krakatoa iko latitudo 6 kusini mwa ikweta. Tabora iko latitudo 5. Ukungu wa volkano hiyo ulisukumwa kuelekea magharibi, ukavuka Bahari ya Hindi na Afrika, na kuizunguka dunia kwa takriban wiki mbili.

Kwa kulinganisha, mwaka 1871 msafara wa Henry Morton Stanley ulitumia takriban miezi mitatu kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kwa njia ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa.

Kutokana na mwendo wa ukungu huo, wataalamu waliamini kuwa pepo za juu ya ikweta huvuma daima kutoka mashariki.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka 1908, pale mtaalamu Arthur Berson, kutoka kituo cha Lindenberg nchini Ujerumani, aliporusha maputo yenye vipimo Afrika Mashariki, likiwamo eneo la Ziwa Victoria. Huko juu alikuta pepo zinazovuma kutoka magharibi.

Fumbo hilo lilidumu kwa nusu karne. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Richard Reed wa Marekani na R. A. Ebdon wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walibaini kuwa pepo hizo hugeuka: huvuma kutoka mashariki, kisha kutoka magharibi, katika mzunguko wa takriban miezi 28.

Kwa maneno mengine, wote wawili, Krakatoa na Berson, walikuwa wamesema kweli, ila kila mmoja kwa wakati wake. Kilichokosekana ni vipimo vya mfululizo.

Funzo hilo lina uzito hadi leo. Mzunguko huo ni miongoni mwa mambo yanayozingatiwa katika utabiri wa msimu, ilhali Afrika ni miongoni mwa maeneo yenye vituo vichache vya kurushia maputo.

Kwa mkulima wa tumbaku na mahindi wa Tabora, anayepanga shamba lake kwa kusubiri mvua, pengo hilo la angani si jambo la mbali.