Takrima au Rushwa?

Kila ufikapo wakati wa uchaguzi, mitaa yetu ya Dar es Salaam hubadilika sura. Mtu akitoka Upanga asubuhi, akapita Mnazi Mmoja kwenda Kariakoo kununua mahitaji ya nyumbani, huona kanga na fulana zenye picha za watakao ubunge, na husikia vipaza sauti vikimsifu kila mmoja wao kuwa ni mcha Mungu na mpenda wanyonge. Hayo si mabaya, kwani mwenye kuomba kazi hana budi kujieleza. Lakini jua likishatua, mengine hufanyika uani: sinia za pilau, bahasha za wazee, doti za kanga za kina mama, na fedha za vijana waitwazo wapambe. Ukiuliza, wajibiwa kwa upole kwamba hiyo si rushwa, ni takrima.

Yafaa vijana wetu wajue jinsi neno hilo zuri lilivyopata kuingizwa katika sheria ya nchi, na jinsi lilivyotolewa.

Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985 iliwakataza wagombea kuwavuta wapiga kura kwa chakula, kinywaji na zawadi. Mwaka 2000, ambao ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu, Bunge liliirekebisha, likasema kwamba jambo lifanywalo kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, halitahesabiwa kuwa kosa. Kiasi cha ukarimu huo hakikutajwa. Je, ni kikombe cha kahawa, au ni ng'ombe mzima? Basi mlango ukafunguka, na mwenye mali akaingia nao.

Mwaka 2005 mashirika 3 ya wanasheria, likiwamo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, yaliishitaki Serikali katika Mahakama Kuu hapa Dar es Salaam. Mwezi wa Aprili 2006 majaji 3, Kimaro, Massati na Mihayo, walitoa hukumu kwamba vifungu hivyo vya takrima vyapingana na Katiba. Waliona kuwa vyambagua mgombea maskini mbele ya tajiri, na kwamba vyaharibu haki ya mwananchi ya kumchagua kiongozi kwa uhuru. Baadaye, mwaka 2010, ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, iwatakayo wagombea waeleze fedha zao zimetoka wapi na zimetumikaje.

Hivyo mahakama ilikwisha sema lake. Lakini sisi Waislamu hatukuwa na haja ya kungoja hadi mwaka 2006, maana jambo hili tulifundishwa zamani.

Mtukufu Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema kuwa hili ni lenu, na hili nimepewa mimi zawadi. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akamlaumu mbele ya watu, akauliza: kama angaliketi nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hizo zingalimfikia? Swali hilo ndilo mizani yetu. Bwana huyu aletaye pilau leo, kama asingalitaka kura, je, angaliijua njia ya uani kwetu? Aliyeleta mazulia msikitini mwezi wa kampeni, mbona hatukumwona katika safu miaka minne iliyopita?

Tena tuitazame takrima yenyewe. Katika dini yetu mgeni hukirimiwa siku 3, na mwenye nyumba haombi malipo. Mwenyeji ndiye atoaye, na mgeni ndiye apokeaye. Lakini mgombea ndiye aliyekuja kwetu. Yeye ndiye mgeni! Tangu lini mgeni akamkirimu mwenye nyumba, kisha akaondoka na ufunguo wa nyumba?

Wala tusimtupie mgombea lawama zote. Unafiki una mikono miwili. Tumewasikia watu wakilaani ufisadi barazani baada ya sala ya Isha, na hali bahasha iko mfukoni mwa kanzu. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji pamoja. Na kama mtu hajali dini, basi na apige hesabu: shilingi 5,000 kwa miaka 5 ni pungufu ya shilingi 3 kwa siku. Kwa bei hiyo ameuza dawa za hospitali, dawati la mwanawe na haki ya kumwuliza mbunge wake neno, kwani aliyekwisha kununua haulizwi.

Enyi wazazi, watoto wetu hawajifunzi uaminifu kwa mawaidha tu. Wanatuona tupokeapo, na wanatuona tukataapo. Mgombea akija, mkaribisheni kwa heshima, mpeni kahawa yenu ninyi, msikilizeni, mwulizeni atafanya nini. Akitoa bahasha, mrudishieni kwa adabu mbele ya watoto.

Mwenyezi Mungu atujalie viongozi waaminifu, na atujalie sisi kuwastahili. Amin.