Vijineno vya Wakati katika Sentensi za Kijapani: Tatizo la "Hadi" kwa Mzungumzaji wa Kiswahili

Makala haya yanafafanua namna vijineno vya Kijapani viitwavyo joshi vinavyoambatana na maneno ya wakati, na kubainisha mahali ambapo mazoea ya Kiswahili humpotosha mjifunzaji. Katika Kiswahili, kielezi cha wakati aghalabu husimama peke yake: "aliamka saa moja", "atakuja kesho". Kihusishi kikihitajika, mathalani mnamo au tangu, hutangulia nomino. Katika Kijapani, kijineno hufuata nomino, na kuwapo kwake hutegemea aina ya wakati unaotajwa.

Kigezo cha msingi ni iwapo wakati huo unajitegemea au unapimwa kutokana na siku ya usemaji. Saa, tarehe na mwaka hujitegemea. Kwa hiyo huchukua ni, kama katika Shichi-ji ni okimasu, yaani "Huamka saa moja". (Wajapani huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, hivyo saba yao ya asubuhi ndiyo saa moja ya Waswahili.) Kinyume chake, kinō (jana), ashita (kesho) na raishū (wiki ijayo) hurejelea siku tofauti kila msemaji anapoyatamka. Maneno haya yakitumika kama vielezi hayachukui ni: husemwa Ashita ikimasu, "Nitakwenda kesho". Mainichi (kila siku) nalo hufuata mkondo huo. Siku za wiki ziko katikati: Nichiyōbi ni na Nichiyōbi pekee, kwa maana ya "Jumapili", yote hukubalika.

Tatizo zito zaidi linatokana na neno hadi. Kiswahili hulitumia kwa tendo linaloendelea, "atafanya kazi hadi Ijumaa", na pia kwa ukomo wa muda, "mna hadi Ijumaa kuwasilisha kazi". Kijapani hutenganisha dhana hizo mbili. Made huonyesha tendo linaloendelea mpaka wakati uliotajwa. Made ni huonyesha tendo litakalokamilika kabla ya wakati huo kupita. Jozi ifuatayo inadhihirisha tofauti hiyo:

(1) Kin'yōbi made yomimasu. "Nitaendelea kusoma hadi Ijumaa."
(2) Kin'yōbi made ni yomimasu. "Ifikapo Ijumaa nitakuwa nimeshasoma."

Msemaji wa sentensi ya (1) hajaahidi kumaliza; wa (2) ameahidi. Mwanafunzi au mfanyakazi anayeidondosha ni hubadilisha ahadi yenyewe, na msikilizaji hana namna ya kutambua kwamba kosa ni la kisarufi tu.

Inapendekezwa, basi, kwamba walimu wa Kijapani katika Afrika Mashariki wasitafsiri made kwa hadi pasipo ufafanuzi. Made ifundishwe pamoja na "kuendelea hadi", na made ni pamoja na "ifikapo" au "kabla ya kupita". Kiswahili kina nyenzo za kuzitofautisha dhana hizi. Kinachohitajika ni kuzitumia darasani tangu somo la kwanza la vijineno hivyo.