Maradhi ya Sukari na Kudumu na Kliniki

Jamaa zetu, katika kitabu hiki cha mwaka aghalabu tunasoma habari za harusi, hitima na watoto waliofaulu mitihani. Safari hii nimeomba nafasi kidogo niseme juu ya maradhi ya sukari, kwani hapa Uingereza siijui nyumba yetu hata moja isiyokuwa na mgonjwa wake.

Kugunduliwa ni jambo la siku moja. Kazi ni kudumu na matibabu. Sukari haiumi mwanzoni. Mtu hujiona mzima, na ajionaye mzima huona tabu kupoteza ujira wa siku nzima akapimwe damu. Uchunguzi mkubwa ulioanza humu nchini mwaka 1977, ukachukua wagonjwa 5,102, ulionyesha mwaka 1998 kwamba waliodhibiti sukari kwa makini zaidi walipungukiwa na madhara ya mishipa midogo, hasa ya macho, kwa kiasi cha robo. Lakini faida hiyo huja baada ya miaka mingi, na subira ya miaka si kila mtu anayo.

Namjua jamaa mmoja, dereva wa basi, aliyeacha kliniki miaka 2. Watu walimwita mkaidi. Mimi nilikaa naye, kahawa baada ya kahawa, hata akanieleza. Alipoambiwa huenda akahitaji sindano za insulini, alichosikia ni kwamba leseni imekwenda, na kodi ya nyumba nayo. Zamani ilikuwa hivyo kweli. Tangu mwaka 2011 dereva wa basi atumiaye insulini aweza kupata leseni, ingawa masharti ni magumu: aiarifu mamlaka ya leseni, apime sukari yake mara kwa mara na kuhifadhi vipimo, na kila mwaka achunguzwe na daktari bingwa. Hayo hakuna aliyemwambia kwa lugha aliyoifahamu. Mkalimani wake alikuwa binti yake wa miaka 12! Baba gani atamwuliza daktari habari za nguvu za kiume kwa kinywa cha mwanawe?

Basi ijulikane kwamba mkalimani hutolewa bure. Aombwe siku ile ile ya kuweka miadi. Na mwenye kutumia dawa za sukari halipii dawa, ila akiwa England na hajafika miaka 60 hana budi kujaza fomu ya msamaha kwa daktari wake. Wako walioacha metfomini kwa kuchafukwa na tumbo, kumbe ipo ya aina iyeyukayo polepole, ambayo wengi huistahamili. Wako pia wanaopanga wenyewe dawa za daku na futari. Mambo ya Ramadhani yataka yazungumzwe na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Na wanaokwenda kukaa nyumbani wajue kuwa akaaye nje zaidi ya miezi 3 huweza kufutwa katika orodha ya daktari wake.

Yule dereva siku hizi hufuatana na mpwa wake, mtu mzima, aliyebadilisha zamu yake ya kazi kwa ajili hiyo. Jicho moja halioni kama zamani, lakini kliniki hakosi.

Mwenye barua ya hospitali asiyoielewa na ailete kwangu. Baada ya magharibi nipo.