Sugua nje, ndani upaache

Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda yaliyoanzishwa mwaka 1958, chakula hupikwa kwa kuni na makaa, na masizi hayana likizo. Awe Mkongomani, Mrundi au Msomali, mama wa huko anaijua dawa: majivu, kipande cha limau, maji kidogo. Ni dawa nzuri kweli, mradi ibaki upande wa nje wa sufuria.

Majivu yana potasiamu kaboneti. Ikilowa huwa kali na kugeuza mafuta kuwa sabuni. Isingiro, wilaya yenye Nakivale, ni nchi ya matoke, na majivu ya maganda ya ndizi yana potasiamu tele. Afadhali zaidi kuyawahi masizi: paka sabuni au udongo laini nje ya sufuria kabla ya kuinjika. Masizi yatashika kile kilichopakwa na kutoka kwa maji machache, jambo kubwa kwa anayebeba maji kichwani.

Ndani ni habari nyingine. Alumini ya sufuria ikikutana na hewa hujifunika utando mwembamba wa oksidi, na utando huo ndio unaopunguza alumini kuingia mchuzini. Majivu yakilazwa humo usiku kucha huuyeyusha. Limau likichemshwa humo hufanya vivyo hivyo. Weusi unaotokea ndani baada ya kuchemsha maji si uchafu, hauna haja ya kusuguliwa hadi sufuria ing'ae. Mwaka 2011 wataalamu wa WHO na FAO waliweka kikomo cha alumini: miligramu 2 kwa wiki kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Kwa hiyo nyanya na ukwaju, vyenye ukali kama limau, nashauri vipikwe kwenye chungu.

Kinachonitia hofu hasa ni sufuria za kusubu, zinazotengenezwa kwa vyuma chakavu. Vipimo katika nchi kadhaa za Afrika vimekuta baadhi yake zikitoa risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Risasi imo ndani ya chuma chenyewe, haiwezi kuondolewa kwa kusugua na majivu wala limau. Anayekwenda mjini Mbarara kununua sufuria, na mfuko ukiruhusu, achague ya chuma kisichoshika kutu.

Sinia ya shaba isugue kwa limau na chumvi, isuuze na kuikausha papo hapo. Lakini limau au siki visichanganywe kamwe na dawa ya madoa ya JIK: hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu.