Ununuzi wa gari lililotumika

Ununuzi wa gari lililotumika ni kununua gari ambalo tayari limekuwa na mmiliki mmoja au zaidi. Katika Afrika ya Mashariki ndiyo njia ya kawaida ya kupata gari, kwa kuwa magari mapya ni ghali kupita uwezo wa watu wengi. Gari la namna hiyo huitwa pia gari la mtumba, na likiwa limechakaa sana huitwa mkweche. Makala hii inahusu zaidi magari madogo ya bei nafuu, yale ambayo wanafunzi wa vyuo na watu wanaoanza kazi huyatafuta nchini Tanzania na Kenya.

Kwa mnunuzi wa aina hiyo gari moja baya linaweza kumaliza akiba ya miaka kadhaa, mara nyingi ikiwa pamoja na mchango wa wazazi. Bei ya kununulia huwa ni sehemu tu ya gharama. Gari rahisi ambalo injini yake inachemsha kila wiki litakuwa ghali kuliko jingine lililouzwa kwa bei ya juu kidogo lakini likiwa zima na lenye hati safi.

Tatizo la kutojua

Muuzaji huwa analijua gari lake kuliko mnunuzi. Mwanauchumi Mmarekani George Akerlof aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1970, akitumia soko la magari yaliyotumika kama mfano. Kwa Kiingereza cha Marekani gari bovu lililouzwa kama zima huitwa "limau". Akerlof alionyesha kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na limau hukubali kulipa bei ya katikati tu. Kwa bei hiyo wenye magari mazima huona wanapunjwa na kuyaondoa sokoni, na wenye malimau hubaki. Mwaka 2001 alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Karibu kila ushauri wa kununua gari kuukuu ni njia ya kupunguza pengo hilo la taarifa. Ndiyo sababu pia gari zuri huuzwa mara nyingi bila kutangazwa: mwenye gari humwambia ndugu, jirani au fundi wake, nalo linaondoka kabla halijafika kwa dalali.

Yanakotoka magari

Magari mengi yaliyotumika nchini Kenya, Tanzania na Uganda yametoka Japani. Sababu ya kwanza ni kwamba nchi zote nne huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo usukani uko kulia. Ya pili ni sheria za Japani zenyewe. Huko gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama inayowafanya wenye magari wengi wayauze yakiwa bado mazima. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha upande wa kulia, na Rwanda imezuia uingizaji wa magari yenye usukani wa kulia.

Kila nchi ina masharti yake kuhusu umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza. Kwa mwaka 2025 hiyo ilimaanisha magari ya 2018 na kuendelea. Uganda ilizuia mwaka 2018 uingizaji wa magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo, bali gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri wake. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa Nairobi mwenye fedha kidogo hununua gari ambalo tayari limetumika Kenya kwa miaka mingi, ilhali mwenzake wa Dar es Salaam anaweza pia kuagiza la zamani moja kwa moja kutoka Japani.

Anayeagiza mwenyewe anapaswa kufahamu kwamba kodi haifuati bei aliyolipa. Mamlaka za mapato za nchi zote mbili zina orodha zao za thamani za magari na hukokotoa kodi kutoka humo. Kwa gari dogo la zamani nchini Tanzania kodi inaweza kufikia au kupita bei ya gari lenyewe. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina kikokotoo kwenye tovuti yake, na hesabu hiyo hufanywa kabla ya kutuma fedha Japani.

Herufi za namba ya usajili huwapotosha wengi. Tanzania watu husema "gari namba D" au "namba E", na Kenya magari ya KD huhesabiwa kuwa mapya kuliko ya KC. Lakini herufi hizo zinaonyesha tu wakati gari liliposajiliwa nchini. Gari lililotengenezwa 2005 na kuingia Tanzania miaka 15 baadaye lina namba mpya na mwili wa zamani. Mwaka wa kutengenezwa husomwa kwenye kadi ya gari, na unaweza kuthibitishwa kwa namba ya chasisi.

Kuchagua aina

Kwa bajeti ndogo, aina ya gari ina uzito kuliko mwaka wake. Toyota Vitz, IST, Passo na Probox, Mazda Demio, Nissan March na Honda Fit huonekana sana barabarani, na wingi huo ndio faida yao kubwa: fundi wa mtaani amekwisha kufungua injini kama hizo mara nyingi, na spea zake, mpya na za mtumba, zinapatikana Gerezani huko Kariakoo, barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au soko la Kisekka jijini Kampala. Gari la kifahari la Ulaya lililoshuka bei baada ya miaka 15 halikushuka bei ya spea.

Vitz na IST nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina injini za Toyota za familia ya NZ, za ukubwa wa sentimita za ujazo 1300 au 1500. Injini hizo hutumia mnyororo badala ya mkanda wa kuendeshea vali, hivyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Mnyororo nao huharibika oili isipobadilishwa kwa wakati. Magari mengi madogo ya Kijapani yana giaboksi ya aina ya CVT, ambayo haina gia za hatua kwa hatua na inataka mafuta yake maalumu. Fundi akiweka mafuta ya giaboksi ya otomatiki ya kawaida anaweza kuiua. Magari ya haiburidi kama Toyota Aqua hutumia petroli kidogo, lakini betri yake kubwa huzeeka, na kuibadilisha ni gharama inayoweza kumshinda mwanafunzi.

Umaarufu una hasara ndogo moja. Vioo vya pembeni na taa za magari haya huibiwa kwa sababu vina soko, ndiyo maana wenye magari wengi huchora namba ya usajili juu yake.

Kukagua

Gari hukaguliwa mchana, likiwa halijaoshwa dakika hiyo, na injini ikiwa baridi. Mnunuzi akigusa boneti na kukuta ina joto kabla ya gari kuwashwa mbele yake, ana haki ya kuuliza kwa nini, kwa sababu injini iliyopashwa moto huficha ugumu wa kuwaka asubuhi na moshi wa mwanzo. Moshi wa buluu unaonyesha injini inaunguza oili. Moshi mweusi ni wa petroli iliyozidi. Moshi mweupe mzito usiokwisha injini ikishapata moto huweza kumaanisha maji yanaingia kwenye silinda. Mvuke mwepesi wa asubuhi si tatizo.

Kifuniko cha oili kikifunguliwa, ute wa rangi ya chai ya maziwa chini yake ni dalili ya maji kuchanganyika na oili, mara nyingi kwa sababu ya gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Rejeta hufunguliwa ikiwa baridi tu. Maji yenye rangi ya kutu yanasema kwamba gari limekuwa likijazwa maji ya bomba kwa muda mrefu. Jambo jingine la kuuliza ni themostati, maana mafundi wengi wa sehemu za joto huing'oa gari linapochemsha, na hivyo chanzo cha kuchemsha hubaki bila kutibiwa.

Bodi ina habari zake. Nafasi kati ya mlango na mlango zikiwa tofauti, rangi ikiwa na kivuli tofauti, au nati za boneti zikiwa na alama za spana, gari huenda liligongwa. Sumaku ndogo haishiki vizuri pale bati lilipozibwa kwa puti. Magari yaliyokaa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam hutazamwa kutu upande wa chini kwa sababu ya chumvi ya bahari, na yaliyotoka kaskazini mwa Japani kwa sababu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Mkanda wa kiti ukivutwa hadi mwisho na kuonyesha mstari wa tope, gari liliwahi kuingia maji.

Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Gari la miaka 15 lenye kilomita 45,000 huku pedali ya breki imelika na usukani umeng'aa kwa kushikwa halisemi ukweli. Kwa gari lililotoka Japani karibuni, hati ya mnada na cheti cha kuliondoa nchini huonyesha kilomita zilizosomwa huko. Hati ya mnada pia hutoa daraja la gari. Herufi R au RA humaanisha lilitengenezwa baada ya ajali. Kwa yaliyozunguka hapa nchini ni vema kujua kama gari lilifanya teksi ya mtandaoni, kazi ambayo hulizungusha gari kutwa nzima.

Tairi husomwa tarehe. Pembeni mwake kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri laweza kuwa na mpira uliokwisha kukauka.

Taa ya injini na ya mifuko ya hewa huwaka ufunguo unapozungushwa, kisha huzimika. Isiyowaka kabisa inatia shaka kuliko inayobaki ikiwaka, kwa sababu huenda balbu imeng'olewa. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari huonyesha hitilafu zilizohifadhiwa; pia huonyesha kama kumbukumbu zilifutwa karibuni, kwa kuwa majaribio ya ndani huwa bado hayajakamilika. Barabarani, gari la otomatiki linalochelewa au kupiga kishindo linapotolewa P kwenda D lina giaboksi iliyochoka.

Fundi anayekagua awe wa mnunuzi, alipwe ada yake hata gari lisiponunuliwa. Fundi aliyeletwa na muuzaji au dalali analipwa gari likiuzwa. Dalali naye huongeza "cha juu" kwenye bei ya mwenye gari, hivyo kuonana na mwenyewe mara nyingi hushusha bei.

Hati na malipo

Gari zima lenye hati mbaya ni hasara kubwa kuliko bovu lenye hati nzuri, kwa sababu bovu hutengenezeka. Namba ya chasisi na ya injini hulinganishwa na zilizoandikwa kwenye kadi, kwa macho, kwenye chuma chenyewe. Nchini Kenya mnunuzi hutafuta rekodi ya gari kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Jina la benki au kampuni ya mikopo likionekana pamoja na la mwenye gari, gari limewekwa dhamana na haliwezi kuhamishwa kabla ya deni kwisha. Tanzania umiliki huhamishwa kupitia TRA, kwa mkataba wa mauziano uliothibitishwa na wakili, na faini za polisi wa usalama barabarani zinaweza kuangaliwa mtandaoni kwa namba ya gari.

Matangazo yenye bei ya kushangaza, ambapo muuzaji "yuko safarini" na anaomba pesa kidogo ya kulishikilia gari, ni ya utapeli. Malipo hufanywa benki siku ya kusaini, na uhamisho huanzishwa siku hiyohiyo. Muuzaji pia ana sababu ya kuharakisha, kwani hadi jina libadilike kosa la barabarani huandikwa kwake.

Bima ya mtu wa tatu, inayoitwa bima ndogo nchini Tanzania, ni lazima kisheria katika nchi zote mbili. Hailipii gari la mwenyewe likigongwa au kuibiwa. Hiyo ni kazi ya bima kubwa, ambayo kwa gari kuukuu kampuni nyingine hukataa kuitoa. Mafundi wengi hushauri mnunuzi asitumie fedha zote kwenye bei ya gari, ili zibaki za kubadilisha oili na filta zote, breki, na ikibidi betri na tairi, kabla ya safari ndefu ya kwanza.