Taa Zisitutie Kiwi

Wengi wetu huamini kwamba taa zikizidi, watu huona vizuri zaidi usiku. Imani hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Taa inayomulika njia humfaa mpita njia; taa inayomulika macho yake humpofusha. Kiswahili kina neno lake kwa hali hiyo, nalo ni kiwi. Tunaona inafaa neno hilo litafakariwe na madereva, na pia na wale wenye dhamana ya kuweka taa mijini mwetu.

Jicho la binadamu halikuumbwa kwa ajili ya mchana peke yake. Nyuma yake mna chembe za aina mbili zinazopokea nuru. Zenye umbo la pia, zipatazo milioni 6, hutuonyesha rangi wakati wa mwangaza. Zenye umbo la vijiti, ambazo ni zaidi ya milioni 90, ndizo askari wa zamu ya usiku. Hizo hazitambui rangi, na ndiyo maana gizani kanga zote huonekana za kijivu. Lakini huweza kufanya kazi kwa nuru hafifu ya nyota.

Walakini askari hao hawana haraka. Mtu akitoka penye taa, mboni zake hupanuka upesi, bali vijiti huhitaji nusu saa hivi ili vipate nguvu zake zote. Ndani yake mna rangi iitwayo rodopsini, ambayo huvunjwa na mwanga mkali na kujengwa upya polepole. Vitamini A ni sehemu ya rangi hiyo. Kwa hiyo mtoto anayekosa vyakula kama maini, maembe na mchicha huweza kushindwa kuona jua likishatua. Basi kile kilichojengwa kwa nusu saa, taa kali huweza kukibomoa kwa muda mfupi mno.

Madhara yake yamo barabarani. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 20 kila sekunde. Madereva wawili wakipishana bila kushusha taa, kila mmoja hutiwa kiwi na mwenzake, na mwenda kwa miguu aliye kando hasalimiki, kwa kuwa yeye haoni ukingo wa barabara, wala hao hawamwoni yeye. Kushusha taa si adabu tu; ni kuokoa roho.

Hatusemi watu warudishwe gizani. Mama anayetoka sokoni usiku ana haki ya kumulikiwa njia. Lakini taa isiyo na kofia humwaga mwanga angani, ambako hakuna mpita njia, na mwanga huo hulipiwa kama mwingine. Isitoshe, mng'ao wake hukifanya kivuli cha jirani kizidi weusi, na humo ndimo mwizi hujificha.

Anga nayo inapotea. Ramani iliyochapishwa na wanasayansi mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi tena kuiona Njia ya Maziwa kutoka wanakoishi. Wakulima waliojua majira kwa kuitazama Kilimia watawaonyesha nini wajukuu wao?

Dawa si ngeni. Mji wa Flagstaff, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, ulipiga marufuku kurunzi kubwa za matangazo mwaka 1958, na mwaka 2001 ukawa wa kwanza duniani kutambuliwa rasmi kwa kulinda giza la anga lake. Wakazi wake hawapapasi njia. Taa zao zimefunikwa juu na kuelekezwa chini.

Tunatoa wito kwa halmashauri zetu: kabla ya kusimamisha nguzo nyingine, zihakikishe kwamba taa itakuwa na kofia. Na kwa madereva tunasema: shusheni taa. Aliye mbele yenu naye ana macho.